Kisima Tulichokinyima Usingizi

Vijana wangu, siku mtakayosikia mfereji wa bomba unapumua, msikimbie, wala msimwite mtu wa kusoma dua. Tieni kidole mdomoni mwa mfereji, kisha mkionje. Mkipata chumvi, jueni kwamba bahari imo ndani ya bomba, inapanda na kushuka humo kama inavyopanda na kushuka pwani. Si jini. Nawaambia haya nikiwa mtu ambaye mara ya kwanza alikimbia, akaacha kiatu kimoja nyuma.

Ilikuwa katika nyumba iliyofungwa, hapa hapa mjini kwetu, kisiwani Pate. Wenyewe wanaishi Mombasa na ufunguo waliniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa maji na mtu wa maji huingia kila nyumba. Kampuni iliyotuuzia maji ilikuwa imekwisha kuondoka, pampu imezimwa, tangi halina kitu. Ofisi iliyobaki ilinituma nizunguke nisome mita kwa mara ya mwisho, ijulikane nani alitumia kiasi gani. Nikafungua mlango asubuhi, jua limewaka, nje wanawake wanapita wakizungumza. Nikainama ukumbini palipo mita.

Ilikuwa inazunguka.

Taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi bila haraka. Kisha ikasimama. Nikadhani macho yangu. Ikaanza tena kuzunguka, safari hii ikirudi nyuma. Na kutoka bafuni nikasikia pumzi, ndefu, yenye unyevu, kama ya mgonjwa anayetaka kusema jambo na kifua hakimpi. Wanangu, nilipiga hodi. Ndani ya nyumba niliyoifungua mwenyewe kwa ufunguo, nikiwa nimekwisha kuingia, nilipiga hodi. Pumzi ikajibu. Hapo ndipo kiatu kilipobaki.

Nilirudi mchana nikiwa nimejaa aya za kujikinga, nikatia kidole, nikaonja. Nikaelewa. Bomba kubwa linalotoka visimani hadi mjini hupita chini ya tope la mikoko. Lilikuwa limepasuka huko, na kwa kuwa halikuwa na maji ya kusukuma kutoka ndani, bahari iliingia. Maji yakijaa, upepo unasukumwa hadi kwenye mifereji yetu. Yakitoka, upepo unavutwa. Mita haitofautishi upepo na maji. Inazunguka tu.

Kuelewa hakukuniondolea woga. Kulinibadilishia tu kitu cha kuogopa.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi ndio mnataka kuishika.

Nilianza nikiwa nimetoka kidato cha nne, nadhani najua kila kitu. Mradi ulikuwa wa serikali wakati huo, injini ndogo na mabomba machache, na mlinzi wa kisima alikuwa Bwana Kombo. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, ambaye hakuwahi kukaa darasani isipokuwa chuoni kwa Kurani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufunga koki kubwa. Aliniambia niifunge polepole. Mimi nilikuwa na nguvu na haraka, nikaizungusha kwa mkupuo mmoja. Shikeni hili: maji yanayokwenda kasi, ukiyazuia ghafla, hurudi na kupiga. Lile pigo lilisafiri chini ya ardhi hadi mjini, likapasua bomba chini ya jiko la Bi Zena, siku ya harusi ya binti yake. Pilau ya watu wote ikaoga. Tangu siku hiyo Bi Zena hakuniita kwa jina langu. Aliniita Bwana Gharika, na mji mzima ukamfuata.

"Umejifunza?" Bwana Kombo aliniuliza jioni ile.

"Nimejifunza."

"Haya. Pilau ya watu ndiyo ada yako ya shule."

Lakini alichonifundisha kikubwa hakikuwa koki. Kilikuwa kulaza kisima. Kila mwezi bahari ikifika bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, Bwana Kombo alizima injini, akatandika jamvi juu ya kisima, akalibana kwa mawe. Tukasema kisima kimelala. Siku hizo watu walikunywa maji ya mvua waliyoyavuna katika majabia, yale mabirika makubwa ya chokaa nyuma ya nyumba. Waliosahau kuvuna waliomba kwa jirani. Nguo zilisubiri. Wanawake wakipita karibu na kisima walishusha sauti. Sisi tulipokuwa wadogo tuliambiwa tukipiga kelele hapo kisima kitageuka upande, na kikigeuka, kinacholala chini yake kitakuja juu.

Nilimuuliza ni nini hicho kinacholala chini. Bwana Kombo alisema kwa lahaja yetu, vile tulivyosema sote nyumbani kabla ya shule kutunyoosha ndimi: "Bahari, mwanangu. I tini yetu hapa tusimamapo. Mayi matamu yamekaa yuu yake tu, kama malai yuu ya maziwa. Haikwenda popote. Yangoja."

Tangu hapo sijawahi kutembea mchangani bila kuifikiria. Hata leo, nikisujudu, paji la uso likigusa chini, nahisi kama kuna kitu upande wa pili kimeegemeza paji lake pia.

Basi serikali ikachoka na mradi, ikaupa Kampuni. Jina lake silitaji, na halina maana tena. Ilikuja na pampu kubwa, paneli za jua, tangi jipya na mkopo. Mimi nilipewa sare yenye nembo kifuani na viatu vya ngozi. Bwana Kombo alipewa mkono wa kwaheri. Aliyeniongoza sasa alikuwa kijana wa bara, mpole, anayesali kwake Jumapili na kutuheshimu Ijumaa. Tulimwita Injinia.

Msije mkadhani Injinia hakujua. Hadithi hii husimuliwa hivyo vijiweni, kwamba wasomi walikuja hawajui bahari. Alijua vizuri kuliko mimi. Alikuwa na kifaa cha kupimia chumvi, na alikitia majini kila wiki. Bamvua ya kwanza ilipofika nikaenda kuzima pampu. Alinishika mkono.

"Mzee, ukizima, hawa watu watapata maji?"

"Watakunywa ya mvua."

"Ya mvua hayana mita. Mkopo unalipwa kwa mita. Nikizima siku hizi zote kila mwezi, Kampuni inakufa kabla ya mwaka. Nimewaandikia wakubwa. Wamesema tusizime."

"Na kisima?"

Akatazama kile kifaa chake, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni. "Tuombe Mungu," akasema.

Nami niliacha mkono wangu mbali na swichi. Bamvua iliyofuata sikuhitaji kushikwa.

Sare ilinipendeza, na huo ndio ukweli. Nikipita watu walinisalimu kwa kituo. Kampuni ilitaka kila nyumba inayounganishwa ifukie kisima chake cha uani, kwamba visima vingi vinaharibu maji na ni hatari kwa watoto. Watu walisita. Nikatumwa mimi, mtoto wa mji, niwalainishe. Nyumba iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ya Bi Zena. Kisima chake kilichimbwa na nyanya yake, nyuma ya jiko, chini ya mdimu, na maji yake ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa na wagonjwa.

"Bwana Gharika," akaniambia, "wewe ungefukia?"

"Bi Zena, maji ya bomba hayakatiki. Wallahi."

Niliapa. Hakuniomba niape. Akanitazama kitambo, kisha akawaruhusu wabeba mchanga waingie. Mimi mwenyewe nilimwaga karai la kwanza. Mchanga ulipogonga maji ulitoa sauti kama mtu aliyezibwa mdomo usingizini.

Bwana Kombo alikuja kwenye pampu mara moja tu. Macho yalikuwa yamemwisha, akiongozwa na fimbo. Ilikuwa mchana wa bamvua na pampu inavuma. Akaketi nje ya mlango, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kupitia ukuta. Nikamletea kahawa. Hakuigusa.

"Siku hizi kisima hakilali?" akauliza.

"Hakilali, Bwana Kombo. Ni mashine."

"Sikuuliza mashine."

Akaenda zake. Nami nikarudi ndani, nikaonja maji kama nilivyozoea. Yalikuwa na kitu, kidogo sana, kama machozi yaliyokauka mdomoni. Nikajiambia ni tende nilizokula. Kesho yake sikula tende. Nikajiambia ni dawa ya presha.

Nawafundisha dalili, mzijue kabla ulimi haujajua. Kwanza sabuni inakataa povu. Kisha maziwa yanakatika kwenye chai. Maharagwe yanachemka kutwa na hayaivi. Asumini zinaanza kukauka kwenye ncha, kisha midimu. Halafu kuta. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, zinanyonya. Chumvi ilipanda ndani ya kuta kutoka kwenye msingi, ikatokeza juu ya chokaa kama ukungu mweupe, mstari mmoja ulionyooka nyumba hadi nyumba. Ukitembea vichochoroni ulihisi umo mjini ambamo bahari ilishaingia ikajaa hadi kiunoni, ikatoka, na wewe peke yako hukuambiwa. Mahali pengine plasta ilidondoka kwa umbo la uso. Watoto walizipa nyuso hizo majina.

Kampuni ilifilisika bila kelele. Siku moja Injinia hakuwapo, na mshahara haukuwapo. Pampu niliizima mimi. Ule ukimya uliofuata ulikuwa mzito kuliko mvumo. Ndipo mifereji ilipoanza.

Kila mmoja wenu anakumbuka Ijumaa ile. Ilikuwa bamvua, maji yanapanda kwa kasi. Imamu alimaliza hotuba ya kwanza akaketi kidogo, kama ilivyo sunna, na msikiti ukanyamaza. Katika kimya kile, kule nyuma penye mifereji ya udhu, wa kwanza ukatoa pumzi. Wa pili ukafuata. Kisha mstari wote, mmoja mmoja, kama safu ya watu wanaoinuka kutoka usingizini. Hakuna aliyegeuza kichwa. Niliona migongo ya watu walio mbele yangu ikikakamaa. Imamu akainuka upesi kuliko kawaida.

Bwana Kombo alifariki baada ya hapo, na mimi ni mmoja wa waliomwosha. Maji yalitoka kisimani, maana hapakuwa na mengine. Hata ya bahari ni tohara, dini haina shida. Lakini sabuni ilikataa. Tuliisugua kifuani mwake, ikateleza na kubaki kama mafuta, haikutoa hata povu moja. Mwoshaji alisimama, mikono inaning'inia.

"Mzee huyu hataki kuoshwa na maji haya," akasema kwa sauti ndogo.

Nikatoka nikakimbia nyumbani, nikarudi na ndoo za maji ya mvua. Povu likaja, jeupe, jingi. Chumba kizima kikanitazama.

Maana wote walielewa yalikotoka. Mimi nilikuwa na jabia langu nyuma ya nyumba, zima, limepakwa chokaa kila mwaka. Wakati nikiwashawishi watu wafukie visima, na majabia yao wanayaacha yapasuke au wanajenga maduka juu yake, langu nililitunza. Sikumwambia mtu kwa nini. Sikujiambia hata mimi. Mkono wangu tu ndio uliokuwa ukipaka chokaa kila mwaka, kabla ya masika, kana kwamba ulijua kitu ambacho kinywa kilikuwa kinaapa hakipo.

Sasa tufike kwenye lile mnaloulizana, kwamba hasara hii aibebe nani.

Afisa aliyekuja mkutanoni hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kama sisi, akaeleza kwa adabu. "Wazazi wangu, Kampuni haina kitu. Mkopo bado upo. Tukitaka mashine ya kutoa chumvi, mwenye mashine mpya atachukua kazi pamoja na deni la zamani, na deni litaingia kwenye bili kidogo kidogo, kila nyumba. Kamati ya vijana itie sahihi. Hasara ni yetu sote, tugawane."

Bi Zena alikuwa upande wa wanawake, karibu na mlango. "Mwanangu, faida tuligawana lini?"

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu. "Si hivyo, Bi..."

"Si hivyo vipi? Maji yalipokuwa matamu nililipa. Yalipokuwa upepo, mita ilizunguka, nikaletewa bili. Sasa ni chumvi, nilipe tena. Nikifa mtanifungia mita kaburini?"

"Basi nisaidie, Bi. Kampuni haina. Serikali inasema haina. Nani alipe?"

Aliuliza kwa dhati, na lilikuwa swali la kweli. Bi Zena alikuwa amefukua kisima chake wiki ile. Aliajiri vijana, wakatoa mchanga niliomwaga, wakafika majini. Mdimu ulikuwa umekufa umesimama. Aliteka kata moja, akaonja, akawalipa vijana ujira wao, akaingia ndani. Kila mtu mle ukumbini alijua.

Nikasimama. Nilisema ninavyoamini hadi leo. Kampuni ni jina, lakini ilikuwa na wenyewe. Maji yalipokuwa matamu walichukua chao, na nyumba walizojenga kwa hicho bado zina paa. Waanzwe hao. Kisha walioandika mkataba wa pampu isiyolala, na benki iliyokopesha juu ya maji ambayo haikuyaonja. Zamani siku za kulaza kisima zilikuwa hasara pia, hasara ndogo, na mji mzima uliibeba kwa nguo chafu na kiu kidogo. Kampuni ilikataa kuibeba ile ndogo. Wakubwa waliishusha kwa Injinia, Injinia akaishusha kwangu, nami nikaishusha kisimani, kwa kuwa kisima hakina mdomo. Haiwezekani sasa itolewe kisimani itiwe kwenye bili ya mwanamke aliyefukia chake kwa kiapo changu.

"Na wewe, Bwana Gharika?" ilikuwa sauti yake. "Umewapanga wote. Wewe umejiweka wapi?"

"Maji ya jabia langu nitayatoa bure, Bi Zena. Kila nyumba, wewe kwanza."

"Sadaka."

"Ndiyo."

"Siitaki. Utanipa kwa mkono ule ule ulioacha kuzima swichi. Kesho ukinuna nitakunywa nini? Nipe ufunguo wa jabia."

Watu walisubiri. Nikautoa mfukoni, ukapita mkono hadi mkono, wanaume hadi wanawake, ukamfikia. Akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Ile karatasi ya afisa haijatiwa sahihi, vijana wangu. Iko mikononi mwenu, na mashine mnaihitaji, nalijua hilo. Itakeni mashine. Lakini deni la zamani likirudi mezani, waambieni wakawatafute waliokula. Na mkipewa pampu yoyote, ya chumvi au ya nini, ulizeni kwanza ni nani mwenye haki ya kuizima, na siku akiizima mshahara wake unatoka wapi. Msipopata jibu, msivae sare.

Jabia nimelifanya wakfu. Nimebomoa kipande cha ukuta wa ua, kuna mlango unaotazama kichochoroni, na Bi Zena huketi hapo asubuhi na kata yake. Anagawa kwa idadi ya watu, si kwa ukubwa wa jina. Nyumba yangu ina watu wawili, mimi na mke wangu, basi tunapata mtungi mmoja. Juzi nilikwenda na miwili.

"Nina mgeni," nikamwambia.

"Mgeni wako ni wako."

Mtungi wa pili nikaujaza kisimani. Mgeni mwenyewe alikuwa Injinia. Ameacha kazi, nywele zimeanza kupungua, alisikia habari za mkutano akapanda boti akaja bila kuitwa. Maji ya mvua yalikuwa ya dawa za mke wangu, kwa hiyo chai nikaipika kwa ya kisima. Maziwa yakakatika, yakaelea vipande vipande. Nikamwekea mbele yake bila kuomba radhi.

Alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akanywa, polepole, bila kukitua, mpaka kwenye masimbi yaliyotuama chini. Akajifuta mdomo kwa leso, akaninyooshea kikombe.

"Niongeze," akasema.